Pima Bustani kwa Ndoo za Septemba

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, ukiacha wa ndoo yenyewe. Shika hesabu hiyo kabla hujanunua mbegu wala kunoa jembe, kwa sababu ndiyo itakayoamua ukubwa wa bustani yako. Bujonde, kata ya Wilaya ya Kyela kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ardhi ya bustani ndogo haikosekani, mbegu za mboga si ghali, na mvua ni ya kumwaga. Anayeanza hukwamishwa na tofauti ya Aprili na Septemba.

Huenda msomaji akauliza: kuna mgeni wa kilimo Bujonde? Huku si ndiko kwenye mpunga, kakao, ndizi na michikichi? Ndiyo. Lakini kulima mpunga ni kazi moja na kutunza mboga ni kazi nyingine. Mpunga una msimu. Mchicha una asubuhi na jioni. Mtu aliyevuna magunia 20 bado anaweza kumtuma mtoto gengeni kila siku akanunue fungu la mboga. Ongeza mwalimu aliyehamishiwa huku, muuguzi, dereva wa bodaboda, kijana aliyerudi kutoka mjini: wote kwenye bustani ni wanafunzi wa darasa la kwanza.

Hebu tupige hesabu, kuanzia mezani.

Hesabu ya sahani

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa kaya ya watu 5 hizo ni kilo 2. Tuseme nusu yake ni matunda, kwa kuwa ndizi, mapapai na maembe hayako mbali na nyumba nyingi za Kyela. Inabaki kilo 1 ya mboga kwa siku, yaani kilo 365 kwa mwaka.

Kilo hiyo haitashibisha mtu. Gramu 100 za mchicha zina takriban kilokalori 23. Mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,100 kwa siku angelazimika kula kilo 9 za mchicha, wakati gramu 600 za mchele mkavu zinatosha kumpa nguvu hiyo. Mboga huleta kile ambacho mchele hauna cha kutosha: vitamini A, madini ya chuma, asidi ya foliki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na kudumaa hakuko kwenye maeneo ya njaa peke yake. Mtoto anaweza kulala ameshiba wali na bado mwili ukawa na upungufu.

Linganisha na ardhi inayodaiwa na wali. Watu 5 wakila kilo 100 za mchele kila mmoja kwa mwaka, ni kilo 500. Mashineni, kilo 100 za mpunga hutoa karibu kilo 65 za mchele, kwa hiyo unahitaji mpunga wa kilo 770. Kwa mavuno ya tani 2 kwa hekta, hiyo ni ekari moja kasoro kidogo. Na mboga je?

Mchicha uliotunzwa vizuri hutoa kilo 1 hadi 3 kwa kila mita ya mraba. Tumpe mwanafunzi wetu kiwango cha chini: kilo 1 kwa mita ya mraba katika mzunguko wa siku 35, tangu kusia hadi kumaliza kuchuma. Tuta la mita 1 kwa mita 10 litampa kilo 10. Matuta matatu yatampa kilo 30 kwa siku 35, karibu sana na ile kilo moja ya kila siku. Matuta matatu ni mita za mraba 30. Ekari ina mita za mraba 4,047. Igawe ekari mara 135, na kipande kimoja tu kinatosha.

Kwenye karatasi mambo ni mepesi hivyo. Tutoke nje sasa.

Hesabu ya mbingu

Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake Mlima Rungwe unafika mita 2,960. Upepo unaotoka kusini-mashariki hupita juu ya ziwa ukiokota unyevu, kisha hupandishwa na miinuko hiyo, unapoa, na kuuachia. Ndiyo maana Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma hupata chini ya 600. Hata London, mji unaosifika duniani kwa mvua, hupata karibu milimita 600.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Milimita 2,000 juu ya mita zako 30 ni lita 60,000, sawa na ndoo 3,000 ambazo hukuzibeba.

Tatizo ni namna zinavyokuja. Mvua ya usiku mmoja yenye milimita 50 humwaga ndoo 25 juu ya kila tuta. Mbegu za mchicha ni ndogo sana. Zikiwa juu juu, asubuhi unazikuta mtaroni. Zilizobaki huota kwenye udongo uliokosa hewa, kisha kinyaushi kinaangusha miche ikiwa na majani mawili. Na haya ni maji ya angani tu. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani hadi nyanda hizi, na mto ukifurika hauulizi tuta ni la nani.

Kwa hiyo masika ya Kyela hayamtaki mtu wa kumwagilia, yanamtaka mtu wa kutoa maji. Tuta liinuliwe angalau sentimita 20, na mtaro wa nusu mita upite kila upande. Hapo jembe linaingia kwenye hesabu. Kuinua mita 10 za mraba kwa sentimita 20 ni kuhamisha mita za ujazo 2. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ina uzito wa karibu tani 1.3, hivyo tuta moja ni tani 2.6 na matatu ni karibu tani 8. Ukitifua chini na kuchanganya majani makavu, udongo hufura na kazi hupungua, lakini haiishi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza jinsi jembe zito lilivyokuwa kazi ya wanaume na vijana, na jinsi nyasi zilivyofukiwa chini ya udongo ili zioze na kuurutubisha. Ujuzi huo wa zamani haudai hata senti. Unadai mgongo tu.

Hesabu ya kuku

Sasa fedha. Bei za hapa chini ni za mfano. Weka zile unazozikuta dukani na gengeni, njia ya kukokotoa haibadiliki.

Paketi 4 za mbegu kwa shilingi 2,500 kila moja ni 10,000. Tafuta yenye lebo ya TOSCI, Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania, na uangalie tarehe, kwa kuwa joto na unyevu wa pwani ya ziwa huua mbegu mapema. Ndoo 2 kwa shilingi 5,000 ni 10,000. Samadi: kilo 3 kwa mita ya mraba ni kilo 90 kwa matuta matatu, viroba 2 kwa shilingi 3,000 ni 6,000. Jembe lipo nyumbani au kwa jirani. Kopo la kumwagilia ni dumu kuukuu lililotobolewa kwa msumari wa moto. Jumla: shilingi 26,000.

Halafu kuna kuku. Kuku mmoja na vifaranga vyake wakiingia kwenye mchicha wa siku 10, hesabu zote hizi zinafutika ndani ya nusu saa. Matuta matatu na mitaro yake minne huchukua eneo la mita 5 kwa 10, na mzunguko wake ni mita 30. Wavu wa shilingi 1,500 kwa mita utakugharimu 45,000. Soma tena: uzio peke yake unazidi mbegu, ndoo na samadi kwa pamoja.

Uzio una tabia nyingine inayowashangaza wengi. Tuta moja na mitaro yake miwili ni mita 2 kwa 10, na mzunguko ni mita 24. Bustani ya matuta matatu ina mara tatu ya mboga, lakini uzio umeongezeka kwa mita 6 tu. Hivyo unaweza kuzungushia eneo la matuta matatu tangu mwanzo, hata kama mwaka huu utalima moja. Na kwa wanaokata matete karibu au walio na mianzi, shilingi 45,000 hugeuka kuwa siku mbili tatu za kufuma.

Mali nyingine ya bure imelala mashineni: pumba za mpunga. Hazifai kufukiwa mbichi kwa wingi, maana huoza polepole na vijidudu vinavyozivunja hunyang'anya mimea naitrojeni. Lakini zikitandazwa juu ya tuta kwa unene wa vidole viwili, huvunja makali ya matone ya mvua na kuzuia jua kunyonya maji. Maganda ya kakao nayo yana potasiamu nyingi, ila yapitishwe kwanza kwenye lundo la mboji kwa miezi mitatu, kwa sababu huweza kubeba vimelea vya ugonjwa unaoozesha matunda ya kakao.

Hesabu ya Septemba

Hapa ndipo bustani nyingi za wanaoanza hufia. Julai, Agosti, Septemba na Oktoba zina siku 123, nazo ndizo siku za ukame wa Kyela. Mboga za majani kwenye jua la ziwani zinahitaji karibu lita 5 kwa mita ya mraba kila siku. Matuta matatu yanadai lita 150, yaani ndoo 7 na nusu, kilo 150 za kubeba kila siku. Zidisha kwa siku 123: lita 18,450, zaidi ya ndoo 900, tani 18 na ushei za maji juu ya kichwa cha mtu. Na mara nyingi kichwa hicho ni cha mama au cha mtoto wa shule, ambao hawakuulizwa siku baba alipopima matuta.

Angalia kejeli yake. Mbingu imekuletea ndoo 3,000, mara tatu ya upungufu wako, ila imezileta wakati huzihitaji. Jibu la haraka ni kuyavuna maji hayo. Paa la bati la mita 6 kwa 8 linaweza kupokea lita 96,000 kwa mwaka. Kumbe kikwazo ni pa kuyaweka. Tangi la lita 1,000 likijaa Juni litanywesha matuta matatu kwa siku 6 na nusu. Kufika mwisho wa Oktoba ungehitaji matangi 19, na bei yake ingekununulia mboga za gengeni kwa miaka mingi.

Punguza sasa eneo badala ya kuongeza maji. Tuta moja linadai lita 50, ndoo mbili na nusu. Ndoo moja inaweza kutoka kwenye maji ya kuoshea mchele na kusuuzia vyombo, yasiyo na sabuni nyingi. Tangi lile lile la lita 1,000 sasa linafika siku 20. Pumba zikitandazwa na ukimwagilia jioni, tuta litakunywa polepole zaidi. Aliye na jaruba lililovunwa mahali pa chini anaweza kupanda kunde za majani udongo ukiwa bado na unyevu. Wenzetu wa Iringa na Njombe wana jina lake, vinyungu.

Hesabu hii ndiyo inayopaswa kumpoza anayeota nyanya. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, tuta moja linaingia mashina 33, na yanapendeza kweli. Lakini nyanya ya masika Kyela hupambana na bakajani na mnyauko bakteria. Ukikimbilia kiangazi, miezi ya kunywesha inaangukia palepale kwenye ndoo za Septemba, na kuna kantangaze, nondo aliyeingia Tanzania mwaka 2014, ambaye viwavi wake hutoboa jani na tunda. Mchicha uliokufa umekupotezea wiki 3. Nyanya iliyokufa ikikaribia kuiva imekupotezea miezi 3. Panda mashina 4 ya kujifunzia, yaliyobaki yasubiri mwaka wa pili.

Hesabu ya mwaka mzima

Tukusanye. Bustani inaanza Novemba. Mwezi wa kwanza unakwenda kwenye kulima na kungoja. Hadi mwisho wa Juni zimebaki siku 210 hivi, mizunguko 6. Matuta matatu kwa mizunguko 6 kwa kilo 10 ni kilo 180. Kiangazi unabaki na tuta moja kwa mizunguko 3, kilo 30. Jumla ni kilo 210 za kwenye karatasi. Toa theluthi iliyochukuliwa na mvua, wadudu, kuku na safari ya msibani iliyokuweka mbali kwa siku nne. Mkononi zinabaki kilo 140. Lengo lilikuwa 365.

Usivunjike moyo, geuza kuwa shilingi. Fungu la robo kilo likiwa shilingi 300, kilo 140 ni mafungu 560, yaani shilingi 168,000 ambazo hazikwenda gengeni. Toa gharama ya 26,000, inabaki 142,000. Ukinunua na wavu, inabaki 97,000. Kazi ya nusu saa kwa siku ni saa 182 kwa mwaka. Kila saa imekulipa kama shilingi 780 kama uzio uliufuma mwenyewe, au 530 kama uliununua. Atakayekuahidi utajiri katika mita 30 za mraba muulize anauza nini.

Faida kubwa zaidi imejificha mwaka wa pili. Wavu upo, ndoo zipo, udongo umelegea. Shina moja la mchicha lililoachwa likomae hutoa mbegu makumi elfu, kwa hiyo mashina matatu yanafuta bei ya paketi kama mbegu haikuwa chotara. Na ile theluthi iliyopotea ndiyo ilikuwa ada ya masomo. Ukiipunguza iwe sehemu moja ya sita, umepata kilo 35 za nyongeza bila kuongeza hata hatua moja ya ardhi wala ndoo moja.

Pengo lililobaki lizibwe na mboga zisizobembelezwa. Matembele huota kwa vipande vya shina vya kuomba kwa jirani. Kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 30, tuta moja linachukua vipande 110, na majani huanza kuchumwa baada ya wiki 4 hadi 6, kisha yanaendelea miezi mingi. Majani ya maboga na ya kunde huota popote palipo na nafasi. Kisamvu kimesimama shambani tayari, kinachodai ni kutwangwa na kuchemshwa vizuri. Mpapai unaopandwa leo karibu na maji ya bafuni utaanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi.

Basi uanze na matuta mangapi?

Moja. Tuta moja mwaka mzima ni mizunguko 9, kilo 90 za karatasi, kilo 60 za mkononi, shilingi 72,000. Ni kidogo kuliko matatu, lakini linagawanyika vizuri: sia theluthi yake kila baada ya siku 12, ili usichume kilo 10 kwa mkupuo kisha ukae wiki tatu unanunua. Linameza robo saa tu ya kazi kwa siku. Tani zake za udongo ni 2.6, si 8. Na muhimu kuliko yote, linafika Oktoba likiwa hai.

Aliyelima matatu Novemba kisha akayaacha Agosti amejifunza msimu mmoja tu. Aliyelima moja hadi Oktoba amejifunza yote miwili: maji yanavyotolewa na maji yanavyotafutwa. Novemba ijayo, mvua ya kwanza ikigonga bati, atajua tuta la pili aliweke wapi, kwa sababu ndani ya uzio nafasi yake ilishapimwa.

Ukitaka kujua kipimo chako leo, usiende shambani na kamba. Chukua ndoo mbili, nenda kisimani, rudi, halafu jiulize kama kesho utarudia, na keshokutwa, na siku 121 zinazofuata. Idadi ya ndoo za kila siku utakayoikubali bila kujidanganya, igawe kwa mbili na nusu. Hayo ndiyo matuta yako.